Kisima Kile Kilikuwa Changu, Twalibu

Mpwa wangu Twalibu,

Kila barua niliyowahi kupokea ilianza kwa kuniuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu ukiisikia utasema leo mjomba anaumwa. Basi tuache mambo ya hali. Ni mimi Shomari, ndugu wa mama yako wa tumbo moja, mnadi wa samaki ambaye akifungua mdomo hapa sokoni Bagamoyo, watu wa Unguja wanageuka kuulizana nani kawaita. Hayo unayajua. Nayaandika kwa sababu mkono unatafuta pa kuanzia.

Kuandika si kazi yangu. Shule niliishia darasa la tano, ingawa lilikuwa la tano la zamani, si haya ya siku hizi. Mwalimu wetu akishakokotoa hesabu ubaoni alikuwa ananitazama mimi kwanza. Nikitikisa kichwa, anafuta. Mtu wa kalamu ulikuwa wewe. Mguu unakanyaga cherehani, mdomo unahesabu mizani, na jioni suruali ya mtu inatoka mguu mmoja mfupi lakini shairi limetimia. Kanzu yangu ya Idi mpaka leo ina mkono mmoja unaofika kwenye vidole. Nikiulizwa nasema ndio mtindo wa Maskati.

Nakuandikia kwa habari ya shairi lako la kisima. Mwanaidi ameondoka, Twalibu. Mkeo amerudi kwao Fukayosi, na nyumbani kwa mama yako jina lake halitajwi tena. Hakufukuzwa na mtu. Amefukuzwa na shairi. Nimeyaandika maneno hayo nikayatazama, nikaona hata mimi ningesimuliwa nisingeamini, na mimi ndiye mtu niliyewaaminisha watu mambo makubwa kuliko hayo.

Nianze na kisima chenyewe, maana wewe na mimi ndio tuliokuwa tunakijua.

Ulikuwa bado unaota meno nilipokuhadithia mara ya kwanza. Nilikichimba peke yangu kule Mlingotini, kwenye kiwanja cha babu yako. Nimeanza asubuhi, adhuhuri niko chini kiasi kwamba nyota naziona mchana. Maji yakatoka matamu, watu wa mtaa ule wakaacha kutia sukari kwenye chai. Wakaja watu na madumu kutoka Mbegani, wengine kutoka Dar es Salaam. Hapo tamaa ikanishika. Nikasema niongeze pima moja tu. Sururu ikagonga mwamba, mwamba ukapasuka, bahari ikaingia. Ndoo ya kwanza iliyopanda baada ya hapo ilipanda na tasi mzima, anapiga mkia, ananitazama kwa hasira kama mtu aliyeingiliwa chumbani. Tangu siku ile maji yakawa chumvi tupu.

Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu. Unasema, "Mjomba, tena! Mjomba, tasi alisema nini?" Na mimi nakwambia aliyoyasema.

Halafu ukakua. Siku ile tumekaa penye makarai ya samaki, mnada umekwisha, wewe umekuja kunijaribisha shati, ukaniambia, "Mjomba, hebu nirudie kile kisima." Mtu mzima, mwenye mke, unataka kisa cha utoto. Nikakurudia, na safari hiyo nilimtia na tasi wa pili, maana nilikuona una majonzi. Hukucheka. Ulikuwa unatazama mafuta yanavyochemka. Ukasema, "Hicho nitakitungia shairi."

Hapakuwa na mtu wa tatu. Mkaanga samaki alikuwa amekwenda kuswali. Ningejua, Twalibu, ningemshika kanzu asiende.

Shairi likasomwa redioni, ukalighani na mwenyewe ukalirekodi kwenye simu. Na mimi ambaye sisomi magazeti bila miwani ya kuazima, ubeti ule wa kwanza nimeuhifadhi kama Alhamdu:

Kisima kipo uani, majirani wasifia,
Nashusha ndoo kambani, asubuhi nikilia,
Maji yaja mdomoni, ni chumvi yanizidia,
Kisima changu uani, kiu haikunitoka.

Nilizunguka soko lote siku ile. Kila niliyemkuta nilimwambia mnasikia, hicho ni kisima changu. Nikaja kwako dukani nikiwa nimekasirika kidogo pia. Nikakuuliza, tasi wangu yuko wapi? Beti zote nimezisikiliza, samaki hayumo hata mmoja. Ukacheka, ukang'ata uzi, ukasema, "Mjomba, nikimtia samaki watajua ni uongo."

Ungemtia, Twalibu. Ungemtia hata mkia wake tu.

Ulipokuwa hai watu walilisoma kila mtu kwa kiu yake na hatukuona ubaya. Madereva wa bajaji pale kituoni walisema umewasema viongozi, kwamba tunawachagua wenyewe halafu tunakunywa chumvi. Kinamama wa dagaa walisema kisima ni mwanamume, tena wakatajana kwa majina ya waume zao. Kijana mmoja wa chuo alisema kisima ni elimu. Wewe umekaa kwenye cherehani, kila anayeingia unamwambia, "Ewaa, umepatia." Nikakuuliza kwa nini huwaambii ukweli. Ukasema shairi likishatoka mlangoni ni la mpita njia, mwenyewe huwezi kulikimbilia barabarani ukaliambia rudi ndani. Nilikuona bingwa. Nami nikaanza kuyasema maneno hayo sokoni kama yangu.

Kisha miguu yako ikavimba. Ukawa mweupe wa uso, chakula hukitaki. Hospitali wakasema figo. Mwanaidi alikuwa anakuja na kikapu kila siku, uji, supu ya kuku, matunda, anakulisha kwa kijiko, na wewe unafungua mdomo kama kinda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nawahadithia wagonjwa habari za nyangumi, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya pale. Ukatutoka. Sitaandika siku ile. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Tulipokuzika, Kassimu, mtoto wa baba yako mdogo, akaliweka shairi kwenye kundi la familia, sauti yako mwenyewe. Alikuwa na nia njema, nafikiri. Mama yako akawa analisikiliza mchana kutwa. Simu iko kwenye mkeka, yeye ameegemea ukuta. Likiisha anasema, "Rudisha." Mpaka siku moja akasema, "Mnasikia anachosema mwanangu?"

Ubeti wa mwisho ndio uliompata. Nahama nawaachia, wasifuo nao wanywe. Ulikuwa unahama, akasema. Ulijua. Na uani kwa mtu kuna nini? Kuna jiko, na jikoni kuna mke. Maji ya chumvi uliyokuwa unanyweshwa kila asubuhi ni yapi? Figo za mtu zinaharibiwa na nini? Na majirani walikuwa wanamsifu nani, kama si Mwanaidi kwa mapishi yake? Akaunganisha, akaunganisha, kama wewe unavyounga kola na shingo, mpaka likawa vazi kamili, akamvalisha mkeo. Waliokula kwenu miaka yote wakaanza kukumbuka kwamba mchuzi wake kweli ulikuwa umekolea chumvi. Watu haohao waliokuwa wanaomba kuongezewa.

Simlaumu dada yangu. Alikuwa na mtoto mmoja. Daktari kampa neno moja, figo, neno baridi lisilokuwa na uso. Wewe ukampa beti nane zenye vina. Ungekuwa yeye ungeshika lipi?

Arobaini yako watu walijaa mpaka barabarani. Hitima imesomwa, pilau imeliwa, wakabaki wa nyumbani. Mwanaidi yuko kwenye eda, yuko chumbani, pazia limeshushwa, lakini pazia ni kitambaa tu, kila kitu kinapita. Mama yako akasema mbele ya wazee, "Mwanangu alituambia kwa mdomo wake kwamba anauawa, na sisi tukampigia makofi."

Nikasimama. Twalibu, nilijua hiyo ndiyo kazi niliyoumbiwa sauti. Nikasema, jamani, kisima kile ni changu. Nilimhadithia mimi, penye makarai, akaniambia Mjomba hicho nitakitungia shairi. Hakuna mke mle, hakuna sumu, hakuna kifo. Kuna mimi na sururu yangu kule Mlingotini. Nikasimulia vizuri, kwa utulivu, na nikaona wazee wawili wanaanza kuitikia kwa kichwa. Ikawa kama nimemshika mkono Mwanaidi namtoa kwenye tope, ilikuwa imebaki hatua.

Kassimu akasema, "Mjomba, na yule nyangumi uliyempanda mpaka Mafia, yumo ubeti wa ngapi?"

Watu wakacheka. Kwenye arobaini yako. Kicheko cha watu waliolia siku nyingi, ambacho kikianza hakizuiliki. Hata mama yako mdomo ulimcheza. Na mimi, wallahi sijui ilitokea wapi, mazoea tu ya ulimi, nikajibu:

"Si Mafia. Kilwa."

Basi. Hapo ndipo alipokwisha Mwanaidi. Wakacheka mara ya pili, wengine wanafuta machozi, na nyuma ya pazia nikasikia kitanda kimelia, mtu amekaa.

Nilikwenda kwa Maalim Hemedi, yule aliyekufundisha Kurani chuoni. Nikamkuta barazani baada ya alasiri, na buli la kahawa. Nikamwambia, Maalim, nyinyi wenye elimu mnasoma mpaka sababu za kushuka aya, hii ilishuka lini, kwa habari ya nani, kulitokea nini. Sasa hili shairi la Twalibu sababu ya kushuka kwake ni mimi. Niko hai. Nimekaa mbele yako.

"Astaghfirullahi, Bwana Shomari, usilinganishe."

"Silinganishi, Maalim. Naomba njia tu. Si mna njia?"

Akanimiminia kahawa kwanza. "Njia ipo," akasema, "lakini ina masharti. Habari haipokelewi mpaka aangaliwe aliyeileta. Ni mkweli? Anahifadhi vizuri? Watu wanamjuaje?" Kisha akatazama barabarani. Kwa adabu. Mtu mwingine angeendelea.

Nikamwambia mimi nanadi samaki, kusifu ndiyo kazi yangu, mnunuzi anajua na mvuvi anajua, hakuna anayedanganyika. Akasema anajua. Akasema, "Na hata tukikupokea, Bwana Shomari, tatizo halijaisha. Aya huweza kushuka kwa ajili ya mtu mmoja, na maneno yake yakawaenea watu wote. Ukijua sababu, hujayamaliza maneno. Yule binti yameshamfikia."

"Na nia, Maalim? Si tunaambiwa kila jambo ni nia?"

"Nia mahali pake ni moyoni," akasema. "Na moyo wenyewe tumeuzika."

Nilirudi kwa miguu. Nilimwonea wivu Maalim, nakwambia kweli. Yeye kitabu chake Mwenye kukisema yupo, hafi, na waliofasiri wamepangana wameshikana mikono mpaka huko nyuma, huyu kamsikia huyu, huyu kamsikia huyu. Mimi kitabu changu mwenyewe amekufa, na mnyororo wote una pete moja, nayo ni mimi.

Ndipo nikapata wazo, na wakati nalipata nilijisifu njiani peke yangu. Nikasema, dada haamini ulimi wangu, ataamini ulimi wake. Nimpeleke Mlingotini, nimpe kata, aonje. Akiikuta ile chumvi mdomoni atajua kisima kipo na kisa ni kweli, na pumzi itamrudi. Na muda ulikuwa umebana, eda ya Mwanaidi ilikuwa inakaribia kwisha, na kila mtu alijua akishatoka edani atatoka na nyumbani.

Mama yako alikubali kwa tabu. Nilimwambia tunakwenda kuzuru kiwanja cha baba. Tukapanda bajaji, mvua inanyesha, matope mpaka kwenye goti. Unaona nilivyo? Mvua inanyesha! Mvua ilikuwa inanyesha wiki ya ngapi sijui. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba masika maji ya mvua yanajaa juu na kisima cha chumvi kinageuka kitamu. Chumvi unaionja kiangazi. Anajua mtoto anayechezea kifuu. Na mimi, niliyezaliwa na mchanga wa bahari kati ya vidole, nilikuwa na haraka ya kumwokoa mtu, nikasahau.

Kisima kipo, Twalibu. Nataka ujue. Kipo, mdomo wake umemomonyoka, nyasi zimekizunguka. Nikashusha ndoo, nikapandisha, nikachota kwa kata, nikampa mama yako kwa mikono miwili kama bibi harusi. Akainua ushungi, akanywa. Akanitazama.

"Matamu," akasema.

Nikamwambia hayo ni ya juu, ngoja. Nikashusha kamba mpaka mwisho, nikafunga na mtandio wake juu ya kamba ili ifike chini zaidi, nimelala kifudifudi kwenye tope, mtu mzima, mnadi. Akanywa tena.

"Matamu, Shomari."

Nikaonja mwenyewe. Yalikuwa matamu. Yalikuwa maji mazuri kuliko niliyowahi kunywa.

Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu. Alikamua mtandio wake, akajifunga, akasema, "Na hiki kisima baba alikichimba na vibarua wawili. Wewe ulikuwa unapeleka uji." Jambo hilo tuliache, yeye alikuwa mdogo wa kumbukumbu ingawa ni mkubwa wa umri. Tangu siku hiyo anapika bila chumvi. Kila kitu. Wali, maharage, samaki. Ukimuuliza anasema amezoea. Tunakula hivyohivyo, tunatazamana.

Eda ikaisha. Mwanaidi akaoga, akavaa nguo za rangi kidogo, akawa anafunga vitu vyake. Kaka yake yuko nje, amekuja na pikipiki, hataki hata kukaribishwa maji. Nikaingia mpaka kizingitini. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, unanijua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mwanaidi, sikiliza. Lile shairi..."

"Nakuamini, Mjomba," akasema.

Nilikosa pa kuweka mikono. Tangu ufe, hilo ndilo neno la kwanza tamu lililoingia sikioni mwangu, na nilitaka kutoka nje nikalinadi. Nikamwambia basi kaa, wewe na mimi tukiwa wawili tutawashinda, mimi nitapaza sauti. Akawa anakunja shati lako. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mjomba, kisima chako kilikuwa wapi?"

"Mlingotini, kiwanjani. Peupe."

"Na cha kwenye shairi?"

Nikainamisha uso. Mimi.

"Cha kwenye shairi kiko uani," akasema. "Uani kwetu hakuna kisima, Mjomba. Kuna mimi."

Nikamwambia ni mambo ya vina, alitafuta neno la kuishia na ni, washairi wako hivyo. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayenionea huruma. Akaniambia kuwa ulikuwa unalighani asubuhi, kabla ya kwenda kazini, unaswaki, unalighani. Na ukifika pale pa kiu haikunitoka, ulikuwa unageukia ukutani. Zamani hakuliwaza hilo. Sasa analiwaza tu hilo. Mmekaa miaka yote ile bila mtoto, hukuwahi kumsema hata siku moja, na yeye alikuwa akikushukuru kwa kutomsema. "Labda alisema," akaniambia. "Labda huko ndiko alikosemea."

"Alisema ni kisima changu, Mwanaidi. Aliniambia mimi."

"Nakuamini. Aliandika kisima chako. Lakini mimi nikilisikia, niliyemo ni mimi. Nifanyeje, Mjomba? Niseme simo?"

Twalibu, mimi nimebishana na mabwana samaki, na askari, nimebishana na jini moja pale njia ya Kaole mpaka likaomba kuondoka. Nikampisha mlangoni. Akabeba begi lake. Shati lako alilichukua. Cherehani akaiacha. Mama yako alikuwa jikoni, anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Alipopanda pikipiki sauti yako ilikuwa inasikika kwa ndani, simu iko kwenye mkeka, hakuna aliyekumbuka kuizima. Kaka yake akapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, haiwaki, na sisi wote tumesimama tunakusikiliza unahama unatuachia. Ya tatu ikawaka.

Sasa kazi yangu ni hii. Natangaza samaki, watu wananunua, na kati ya fungu na fungu najikuta nalighani shairi lako kimoyomoyo nikijitafuta. Siku nyingine najiona. Siku nyingine namwona yeye, uso ukutani, na wewe unaswaki. Siku moja nilimwona dada yangu, akimnyonyesha mtoto ambaye atamzika. Nilipata hofu nikaacha mnada katikati. Penye makarai pale, ulipokuwa unatazama mafuta, nilidhani unanisikiliza mimi. Inawezekana hata hukunisikia. Inawezekana ulikuwa na kiu yako ya siku nyingi na kisima changu ulikiokota tu, kama mtu anayeokota kopo njiani kwa sababu ana kitu cha kutia. Kwa nini hukuniambia? Ningekaa kimya. Hutaamini, lakini ningekaa.

Kiangazi kinakuja. Maji ya Mlingotini yatarudi chumvi kama yalivyokuwa, na hakutakuwa na mtu wa kuyaonja. Nimemwambia dada twende tena, akasema, "Shomari, hata yakitoka na samaki, mwanangu atafufuka?" Hakuwa anatania.

Basi mpwa wangu, nakuacha hapo ulipo kwa Mwenye kujua ya vifuani. Kama unaulizwa maswali huko, jibu kwa maneno ya kawaida. Vina uviache huku.

Na mimi nakuahidi jambo moja, na hili silinadi. Ijumaa hii nitakwenda Fukayosi. Huenda kaka yake asinifungulie, huenda na yeye mwenyewe asitoke. Nitasimama uani kwao. Sitahadithia kitu, si kisima, si Kilwa. Nitamwambia neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu tangu nizaliwe, na hapa nalifanyia mazoezi kwa kalamu maana mdomoni bado halijakaa: Sijui, Mwanaidi. Nilikuwa naye, nilimsikia kwa masikio yangu, na sijui.

Mjomba wako,
Shomari